Miti yetu ya nyuzi za magome: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mvua zikishika, magome hulegea mitini, na hapo ndipo maswali yanapomiminika: nichune mti gani, nichuneje, na je, utapona? Haya hapa ni yale yanayojirudia. Nimebaki kwenye miti ya asili ya huku kwetu: mibuyu ya Ukambani na Dodoma, miyombo ya Tabora, mituba ya Buganda na Kagera.

Nyuzi zinatoka wapi hasa? Gome si gome tu?

Gome lina tabaka mbili, na mtu anayetafuta kamba anaitaka moja. La nje ni lile kavu lenye nyufa, ambalo kazi yake ni kuukinga mti na jua, moto na wadudu. Hilo utalikwangua na kulitupa. La ndani ni bichi, limejaa maji, na ndilo linaloteremsha chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini. Nyuzi zimo humo. Zimelala wima kufuata shina, ndiyo maana ukilishika gome la ndani kwa chini ukavuta, linapanda nawe kama utepe mpaka kwenye tawi. Ukitaka kulikata kwa upana, linakugomea.

Kipimo cha haraka ukiwa porini: kata kijiti cha unene wa kidole, kimenye kwa kucha, kisha vuta. Gome likivunjika kama biskuti, endelea na safari yako. Likikufuata hadi nchani, fungia mzigo wa kuni ulionao na uone kama utafika nyumbani.

Basi miti yenyewe ni ipi?

Ni mingi, na kila kabila lina wake. Nitataja ile niliyoishika kwa mikono.

Mbuyu (Adansonia digitata) ndio unaotoa nyuzi nyingi kwa mara moja: nene, ngumu, za kamba na vikapu. Mutuba (Ficus natalensis), ambao Wahaya huuita omutoma, ni wa jamii ya mikuyu, nao hautoi kamba tu, unatoa nguo. Miyombo, hasa Brachystegia boehmii na ndugu yake mtundu (Brachystegia spiciformis), ndiyo kamba ya kila siku ya mtu wa Tabora na Katavi. Mkole (jamii ya Grewia) ni mti mdogo, karibu kichaka, na gome lake lina utelezi kama bamia. Wazaramo na Wakwere wanaujua zaidi kwa mambo ya mwali kuliko kwa kamba, lakini kamba pia unatoa. Kwa Wakikuyu kuna mũgio, wa jamii ya Triumfetta, ambao si mti bali kichaka, nao ndio uliokuwa ukisokotewa vyondo vya zamani.

Mbona hamjataja mkonge, mnazi na mwale?

Kwa sababu hakuna hata mmoja unaotoa nyuzi kwenye gome. Mkonge ni jani, na tena ni mgeni kutoka Mexico: Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, na inasemekana miche iliyofika hai ilikuwa 62. Mnazi unatoa usumba kwenye makumbi ya nazi, na ni kamba za usumba, si za gome, zilizoshonea mitepe, zile mashua zilizokuwa zikisafiri Pwani bila msumari hata mmoja. Mwale na mkindu ni majani.

Kuna pia mkandaa na mkoko. Magome yao ni maarufu, ila yanatafutwa kwa rangi na kulainishia ngozi. Ukijaribu kusokota kamba ya mkandaa utabaki na vidole vyekundu tu.

Nikichuna gome, mti utakufa?

Hili ndilo swali lenyewe, na mengine yote hapa ni vijukuu vyake. Jibu linategemea mambo mawili: ni mti gani, na umeuzunguka au hukuuzunguka.

Mti unakula kupitia gome la ndani. Ukiuvua pande zote kama mtu anayevua soksi, mizizi haipati tena chakula. Maji bado yanapanda, kwa kuwa hayo yanapita kwenye mbao, kwa hiyo majani yanabaki kijani wiki nyingi, wakati mwingine msimu mzima. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Utamsikia mtu akiapa kwamba myombo alioumenya mwaka jana "ulikuwa mzima kabisa, umekufa mwaka huu kwa ukame". Ukame haukuhusika. Mti ulikuwa ukila akiba, na akiba imeisha.

Ukichukua utepe mmoja wima, tuseme upana wa kiganja, na ukaacha sehemu kubwa ya mzunguko ikiwa na gome lake, miti mingi itajifunga kidonda na kuendelea. Afadhali tena kuchuna matawi badala ya shina. Tawi la myombo likifa, mti unachipua lingine. Shina likizungukwa, basi tena.

Halafu kuna miti miwili isiyofuata sheria hiyo.

Kwa nini mbuyu na mutuba hupona hata ikivuliwa pande zote?

Kati ya gome na mbao kuna utando mwembamba sana ulio hai, unaoteleza ukiugusa. Huo ndio unaozaa gome jipya kwa nje na mbao mpya kwa ndani. Kwa miti mingi, ukivua gome, utando huo unabanduka nalo au unakauka kwa jua siku hiyo hiyo.

Mbuyu una maji mengi mwilini hata mbao zake ni kama sifongo, na kidonda chake hakikauki haraka. Unatengeneza gome jipya juu ya sehemu iliyochunwa. Nenda popote penye mibuyu ya zamani karibu na makazi ya watu, utaona mashina yenye mikanda iliyobonyea kuanzia magotini hadi pale mkono wa mtu mrefu unapofika, na juu ya hapo gome laini halijaguswa. Hiyo ni rejista ya kijiji. Watoto wanacheza kwenye alama za visu vya watu ambao hakuna anayewakumbuka.

Na mbuyu ni nyuzi mpaka ndani. Ukifa hauachi gogo la kupasua mbao. Unaporomoka na kuwa rundo la nyuzi lililolowa.

Mutuba ni habari nyingine: unapona, lakini kwa kusaidiwa. Anayeuvua huufunika siku hiyo hiyo kwa majani ya mgomba, akalifunga shina lote kama mgonjwa aliyevunjika mguu. Chini ya majani hayo pana kivuli na unyevu, utando hai haukauki, na gome jipya linaota. Mti mmoja unaweza kuvuliwa tena na tena kwa miaka mingi ya maisha ya mwenye shamba. Ukivuliwa bila kufunikwa, usitegemee chochote.

Kwa hiyo mtu akikuambia "babu zetu walichuna magome na miti haikufa", muulize: mti gani, na nani aliufunika?

Nguo ya gome inatengenezwaje?

Kwa Kiswahili cha zamani iliitwa mbugu, na Waganda wanasema olubugo. Nitaeleza nilivyoona upande wa Masaka, kwa kuwa huko kazi bado ipo hai.

Asubuhi, msimu wa mvua, fundi anakwangua gome la nje taratibu mpaka shina liwe la kijani. Anakata duara moja juu, duara moja chini, kisha mstari wima wa kuyaunganisha. Hatumii chuma kubandua. Anachonga kipande cha mgomba kiwe kama kabari, anakipenyeza chini ya gome, na gome linaachia kwa sauti ya kunyonya, kipande kimoja, kama koti linalovuliwa mgongoni. Kabla ya kushughulika na koti, anafunika mti. Nilimwuliza kwa nini asianze na gome, maana jua lilikuwa linapanda. Akanijibu bila kunitazama: gome limeshakufa, huyu bado.

Gome hupitishwa kwenye moto au mvuke ili lilainike. Kisha linapelekwa kwenye kibanda kisicho na kuta lakini chenye paa, kwa sababu jua likiligusa kabla ya wakati linakauka na kupasuka. Linalazwa juu ya gogo lililochongwa bapa, na wanaume wawili wanaanza kuligonga kwa nyundo za mti ngumu. Nyundo hizi zina mifereji iliyochongwa kuzunguka kichwa. Wanaanza na yenye mifereji mipana, wanahamia ya kati, wanamalizia na yenye mistari myembamba kama ya kitana. Kila pigo linazisukuma nyuzi pembeni bila kuzikata, na gome lililokuwa na upana wa meza ndogo linatanuka mara kadhaa. Sauti inasikika kutoka barabarani, mapigo mawili yakipishana, na mwenye masikio anajua kwa sauti tu wamefikia nyundo ya ngapi.

Mwisho linatandazwa nje, pembe zimekandamizwa kwa mawe. Lilikuwa na rangi ya mchanga. Jua linaligeuza kuwa jekundu la udongo wa tofali. Tundu likitokea linawekewa kiraka na kushonwa, na fundi akiwa mzuri, kiraka chake unakitafuta hukioni.

Hakuna kufuma wala kusuka hapo. Ni kitambaa bila uzi hata mmoja uliosokotwa.

Nchi nyingine wanatengeneza?

Walitengeneza wengi. Wahaya walivaa. Rwanda nguo hiyo iliitwa impuzu, na mti wake ni umuvumu. Kwenye msitu wa Ituri, Kongo, Wambuti wana utaratibu wao: wanaume ndio wanaogonga gome, zamani kwa kipande cha pembe ya ndovu, na wanawake ndio wanaochora juu yake kwa maji ya tunda la gardenia na masizi. Michoro hiyo haifanani na kitu chochote kingine Afrika. Ukiitazama kwa muda unahisi unasikia msitu, ingawa najua wapo watakaosema hapo nimetia chumvi.

Je, ni kweli mbugu ni nguo ya uchawi?

Hapana, na swali hili lina historia. Kwa Waganda mbugu ilikuwa nguo ya kila mtu. Wanaume walifunga begani, wanawake walizungushia mwilini na kukaza mshipi kiunoni. Nyekundu ya kawaida ilikuwa ya watu wote, nyeupe na nyeusi zilikuwa za wafalme na machifu. Fundi wa mfalme hutoka ukoo wa Ngonge, yaani fisimaji.

Wafanyabiashara wa Pwani walipofika na vitambaa vya marekani na kaniki katika karne ya 19, mbugu ilianza kurudi nyuma. Kisha wakaja wamisionari, na nguo inayovaliwa kwenye matambiko ikapewa jina baya. Ikabaki kwenye mazishi, maana maiti huviringishwa ndani yake, na kwenye shughuli za kifalme. Kabaka (mfalme wa Buganda) Muwenda Mutebi II aliivaa alipotawazwa Naggalabi tarehe 31 Julai 1993.

Kuna kipindi kimoja ambacho watu husahau. Novemba 1953 gavana Mwingereza, Andrew Cohen, alimfukuza Kabaka Mutesa II na kumpeleka Uingereza. Waganda wengi wakaitoa mbugu makabatini wakaivaa barabarani, kwa msiba na kwa upinzani, na wapo wanaume walioacha kunyoa ndevu. Kabaka alirudi Oktoba 1955. Sasa mwite nani mchawi hapo.

UNESCO ilitangaza ufundi huu kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, ukaingizwa kwenye orodha rasmi mwaka 2008. Makaburi ya Kasubi jijini Kampala, ambako pazia la mbugu huwatenga wageni na sehemu walipolala wafalme wanne, yaliungua Machi 2010, na yalipojengwa upya yalihitaji mbugu nyingi. Leo utaikuta kwenye mikoba na vivuli vya taa. Msanii Sanaa Gateja anashonea juu yake shanga za karatasi, na mbunifu wa mavazi José Hendo anaipeleka kwenye maonyesho ya mavazi huko Uingereza.

Babu alifunga nyumba kwa "kamba za miyombo". Bado zinafaa?

Zinafaa kuliko misumari kwenye kazi hiyo. Gome la ndani la myombo hutolewa kwa tepe ndefu na kutumika likiwa bichi. Fito zinafungwa, na tepe ikikauka inajikaza yenyewe. Nyumba ya fito ikitikiswa na upepo, msumari unapasua mti, kamba inanyumbuka. Adui wake ni mchwa na maji. Chini ya paa lisilovuja inakaa miaka. Usiifunge ikiwa kavu, itakukatikia mkononi. Ikikauka kabla hujamaliza, loweka usiku kucha.

Chukua kwenye matawi au kwenye miti ambayo tayari inakatwa shambani. Kumenya myombo mzima kwa ajili ya kufunga uzio wa kuku ni hasara ambayo hata kuku hawataisamehe.

Na mizinga ya magome? Tunaambiwa tuiache.

Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuvua gome kwenye shina kama bomba zima, kulishona pale lilipokatwa, na kuziba ncha mbili. Ufundi ni ule ule wa lindo na kilindo, vile vyombo vya duara vya kuhifadhia nafaka. Na ni ule ule walioutumia Chuma na Susi, watumishi wa mmisionari Livingstone, mwaka 1873. David Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, waliukausha mwili wake, wakauviringisha kwa kitambaa, wakavua gome la mti kama bomba na kuuingiza humo, kisha wakaushonea turubai. Walifika nao Bagamoyo Februari 1874. Wengi wanaisimulia safari ile kwa ajili ya aliyebebwa. Mimi humfikiria aliyechagua ule mti, akaukagua usiwe na fundo, akauvua usipasuke.

Turudi kwenye swali. Ndiyo, kila mzinga wa gome unaua mti mmoja, kwa kuwa lazima uzunguke. Maafisa nyuki wanapendekeza mizinga ya mbao, na kwa mwenye mizinga michache karibu na nyumbani nakubaliana nao bila ubishi. Lakini mbao nazo zinatoka kwenye mti, na mrina asali wa porini mwenye mizinga mia hamruhusu mtu kuchoma moto wala kukata mkaa katika msitu wake. Nimeona misitu ya warina asali na nimeona misitu isiyo na wenyewe. Kama unaendelea na magome, chagua miti iliyosongamana ambayo ingepunguzwa vyovyote, na gogo linalobaki litumie. Kuliacha lioze limesimama ndiko kunakowakera watu.

Vyondo halisi ni vya mbuyu au vya mkonge?

Wanawake wa Kikamba walisuka kwa nyuzi za mbuyu na za vichaka kabla mkonge haujaenea. Vingi vinavyouzwa sasa ni vya mkonge au uzi wa dukani. Kujua tofauti, nusa: mkonge mpya una harufu ya majani makavu, mbuyu hauna harufu kubwa. Kisha shika. Uzi wa mbuyu ni mzito kidogo, wa kahawia, na hauwi na unene sawa kwa sababu umesokotwa juu ya paja, si kwa mashine.

Natakiwa kuwa na kibali?

Kwenye hifadhi ya msitu ya serikali, ndiyo. Kwenye msitu wa kijiji, anza na serikali ya kijiji, wana sheria ndogo zao. Shambani kwako, kwa mti ulioupanda, chuna. Mti wa mizimu au wa jando, hata kama hakuna karatasi inayoukataza, uliza wazee kwanza.

Nataka kupanda. Nianze na upi?

Mutuba, ikiwa unaishi penye mvua za kutosha. Hauhitaji mbegu: kata tawi nene lililonyooka, urefu wa mtu, lichimbie chini mwanzo wa masika, nalo litachipua. Unakaa vizuri ndani ya migomba na kahawa, na unatoa kivuli wakati ukiusubiri. Mbuyu, kama usemi unavyokwenda, huanza kama mchicha, kwa hiyo huo unampandia mjukuu.

Utashauriwa pia kupanda mforsadi wa karatasi kutoka Asia, kwa sababu una nyuzi nzuri na unakua upesi. Usikubali. Uliletwa Ghana na Uganda kwa nia njema, na leo ni gugu ndani ya misitu kama Budongo na Mabira huko Uganda.

Nyuzi zangu za mbuyu zimekuwa ngumu kama ubao. Nimekosea wapi?

Pale pale nilipokosea mimi mara ya kwanza: nilizianika kabla ya kuzigonga. Zikikauka na utomvu wake zinagandana. Zigonge zikiwa mbichi, kwa nyundo ya mti juu ya gogo, mpaka zitengane, kisha zioshe, ndipo uzianike kivulini. Kabla ya kusokota zinyunyizie maji.

Na ukifika pa kuunga, usiunge nyuzi zote mahali pamoja. Kamba hukatikia pembamba. Uzi huu uishe hapa, ule uishe kiganja kimoja mbele, na mpya uingizwe kabla wa zamani haujamalizika. Ukitumia nyuzi tatu utaona ni rahisi kupishanisha. Ukitumia mbili, itabidi uwe na mtu wa kukushikia ncha.